Ni Wao au Si Wao

Jumatatu, 3 Juni

Ndara za mume wangu bado ziko nyuma ya mlango. Nimefagia nikazizunguka. Sikuzigusa.

Wamemwachia kwa dhamana. Nilimshukuru Mungu pale pale kaunta mpaka askari akaniambia mama, punguza sauti. Halafu wakasoma masharti. Mshitakiwa asikaribie makazi ya mlalamikaji, wala asiongee naye, mpaka kesi iishe. Nikacheka. Nilidhani ni utani! Mlalamikaji anakaa ghorofa ya tatu. Sisi ya pili. Jengo moja, ngazi moja, bomba moja la maji.

Baba Kibonge akasema, afande, mimi huyo mtu nalala chini ya miguu yake.

Askari akasema, basi tafuta pengine pa kulala.

Kaenda kwa kaka yake, upande wa pili wa mji. Chumba kimoja, familia nzima, na sasa yeye juu ya mkeka kando ya mlango. Mimi siwezi kumfuata. Hakuna pa kumlaza Kibonge, na kazi yangu iko huku.

Kibonge kazunguka nyumba anamtafuta baba yake. Kachungulia mpaka ndani ya ndoo.

Jumanne, 4 Juni

Niandike lilivyotokea, maana mtaani kila mtu ana lake na mengine hata mimi nayasikia kwa mara ya kwanza.

Mume wangu siku za kazi anachomelea mageti. Jumapili anatangaza mechi uwanjani kwa kipaza sauti, ndiyo maana wanamwita Spika. Malipo yake ni soda. Anapenda tu. Ukimsikia anavyotangaza utadhani mpira unachezwa mbinguni.

Jumapili ile timu yetu ikanyimwa penalti. Penalti ya wazi, hata mimi niliyekuwa nambadilisha mtoto nepi niliiona. Baba Kibonge akapaza kwenye spika: Refa huyu Myahudi! Hana huruma hata ya kulamba! Myahudi kabisa huyu!

Watu wakafa kwa kicheko. Halafu jukwaa zima likadaka. Myahudi! Myahudi! Kwa makofi, kwa miguu, mpaka filimbi ya mwisho.

Refa si Myahudi. Refa ni fundi cherehani, ndiye aliyenishonea gauni la harusi. Na yeye alicheka.

Lakini Baba Vishungi alikuwepo. Jirani wa juu, fundi wa mafriji. Kumbe yeye ndiye Myahudi. Mimi sikujua! Tangu tuhamie naazimana chumvi na mkewe, tunaanikiana nguo, nimemshika mtoto wake mchanga kabla hata hajapewa jina — na sikujua. Kesho yake akaenda polisi. Kuna ile sheria mpya ya kauli za chuki. Ijumaa wakaja kumchukua mume wangu, mikono bado ina masizi ya kazi.

Kule kituoni aliwaeleza. Afande, ni neno tu. Kwetu bibi alikuwa akiona tunanyimana chakula anasema, acheni Uyahudi. Ni kama kusema mkatili. Sikumtaja mtu.

Askari akaandika yote. Kila alichosema ili kujitoa, kikaandikwa.

Mama Vishungi alikuwa akigonga bomba mara mbili kwa kijiko maji yakifunguliwa, ili nikimbie na ndoo. Leo maji yametoka na kukatika, sikusikia kitu.

Alhamisi, 6 Juni

Nimeunguza kola ya shati la mteja. Bosi kanikemea, halafu kaniangalia, halafu kasema basi, tutasema lilikuja hivyo.

Ni redio. Pale kwa dobi redio haizimwi, na leo walikuwa na mjadala wa sheria hii. Mimi na pasi yangu, Mama Sabuni kwenye mabeseni, Bosi kwenye kiti chake. Mtangazaji anauliza: Myahudi ni nani? Ni mtu wa dini fulani, au wa kabila fulani, au wa rangi fulani? Wakapiga simu. Mmoja akasema ni dini, na dini mtu anachagua, sasa nikiikosoa dini ya mtu nifungwe? Wa pili akasema si dini, ni ukoo, ni damu. Wa tatu akasema hakuna cha damu, wako weupe, wako weusi kama sisi, na kote wapo, hiyo ni damu gani ya kila rangi? Wa nne alitaka kumsalimia shangazi yake.

Bosi akasema: Mimi ninachojua, hao ndio wameshika pesa za dunia nzima.

Mama Sabuni hakuinua hata kichwa. Basi yule wa juu kwa Mama Kibonge fungu lake limepotelea njiani. Fundi friji, na friji lake mwenyewe linalia kama mbuzi.

— Nasema wao kwa jumla!

— Jumla unamjua nani?

— Watu wanasema.

— Watu hao hao wanasema wewe unavaa mashati ya wateja Jumapili.

Tulicheka mpaka Bosi naye akacheka. Lakini alivyonyamaza alisema kitu kimenikaa. Alisema: haya, cheka. Ila watu wakianza kufungwa kwa neno, hawataishia kwa Wayahudi. Kesho utamsema diwani barabara mbovu, utaambiwa umechochea. Nikaona na hilo ni kweli. Halafu nikamkumbuka Mama Vishungi anavyoshika ukuta akishuka ngazi siku hizi, kama mtu aliyeumwa, nikaona na hilo ni kweli. Ndipo kola ikaungua.

Mimi nimeishia darasa la saba. Natamani kungekuwa na mtu wa kuniambia mambo mawili ya kweli yakigombana, wewe unasimama wapi.

Jumapili, 9 Juni

Nimemwona! Tumekaa kwenye ngazi za nyumba ya kaka yake kama wachumba. Kibonge kalala kifuani kwake na mdomo wazi. Amekonda. Nywele zimejaa shingoni, nani wa kumnyoa? Nilikuwa namnyoa mimi.

Aliniuliza: pazia lile la dirishani lililoanguka umeshalirudisha? Nikasema nakusubiri wewe, mimi sifiki. Akatikisa kichwa tu.

Shemeji alikuja akasimama juu yetu anahutubia. Nchi gani hii mtu hawezi kufungua mdomo? Si wao peke yao wanaotaniwa! Sisi tunaitwa majina mangapi? Nani ameshitaki? Baba Kibonge akamwambia, kaka, nipe dakika na mke wangu. Shemeji akasema, nani amewazuia, mimi naongea na sheria.

Nikamuuliza mume wangu polepole: Na ukimwomba radhi?

Akasema: Nataka sana! Nishasema hata kwa wakili. Wakili anasema nikiomba radhi nimekubali kosa. Halafu siruhusiwi kuongea naye. Radhi nitamwomba kwa ndoto?

Kumtoa Kibonge kifuani kwake ilikuwa kama kubandua plasta.

Jumanne, 11 Juni

Nimeongea na Mama Vishungi!

Juu, kwenye kamba za nguo. Nilipanda na beseni nikamkuta ameshaanika mashuka. Wakili amenikataza, eti nitaonekana nashawishi mashahidi. Nikageuka nishuke. Akasema, nafasi ipo, anika. Basi nikaanika upande wangu, shuka lake katikati yetu. Naona miguu yake tu na kivuli cha mtoto mgongoni.

Tulianika muda mrefu kuliko nguo zilizokuwepo.

Halafu akaanza mwenyewe. Akasema, unajua Vishungi alikuwa uwanjani siku ile. Alikuwa mabegani kwa baba yake. (Vishungi ni binti yao mkubwa, ana miaka sita, nywele mafungu mawili kama masikio ya sungura.) Yeye nyumbani hilo neno analijua ni la baba yake na bibi yake. Hajawahi kulisikia nje. Watu walipoanza kuimba, akadhani wanaitwa wao. Akadhani wanashangiliwa!

Nikaona kibanio kinaanguka chini, hakukiokota.

— Akapunga mkono, Mama Kibonge. Uwanja mzima unaimba, yeye anapunga mkono.

Nilishika shuka lake upande wangu, yeye akashika upande wake.

Halafu akacheka, kicheko kibaya. Akasema: Na kichekesho, mimi nimeolewa tu. Mimi si wao. Na kwa dini yao mtoto anamfuata mama. Kwa hiyo kwa kitabu chao Vishungi siye, na huyu wa mgongoni siye. Na baba yao mwenyewe haendi kusali, sijui mara ya mwisho lini. Lakini bibi yake huyo mume wangu, walipomfukuza kwenye mji aliozaliwa, hakuna aliyemuuliza kama anasali. Walimuuliza jina.

Akasema: Kwa kitabu siye. Uwanjani alikuwa ndiye.

Akabeba beseni lake akashuka. Vibanio vyake vingine kaniachia, au kasahau. Nataka kuamini kaniachia.

Jumatano, 12 Juni

Nimefanya upumbavu.

Jana jioni Baba Kibonge alipiga simu. Nikamwambia yote. Nilitaka ajue Vishungi alivyopunga mkono. Nilitaka alisikie kwa sauti yangu, si kwa ya wakili. Na nikaendelea, sijui kwa nini, nikamwambia na habari ya kitabu, na kwamba mwenyewe hasali. Ilikuwa ni ile hali ya kuongea na mtu wako, kila kitu kinatoka tu.

Akasema: Alipunga mkono?

Nikasema ndiyo.

Akasema: Lo.

Na hapo hapo nikasikia sauti ya shemeji: Rudia hapo! Mtoto kwa dini yao si wao? Na jamaa hasali? Hiyo ndiyo dawa!

Simu ilikuwa kwenye spika. Sikio lake la kushoto limeharibiwa na kazi ya mageti, kila simu anaweka spika, mimi najua, kila siku najua! Nilimwambia siri ya jirani yangu ndani ya chumba cha watu sita.

Leo asubuhi shemeji kaenda kwa wakili kabla hata ya kunywa chai.

Ijumaa, 14 Juni

Wakili kaniita. Ni wakili wa bure, kijana, anatafuna kifuniko cha kalamu. Si mtu mbaya. Alinivutia kiti mwenyewe na akampa Kibonge mhuri achezee.

Alinieleza taratibu. Hati ya mashitaka imesema mshitakiwa ametusi watu kwa misingi ya dini. Dini peke yake. Wangeweza kuandika asili au kabila, sheria inayo hayo yote, hawakuandika. Uzembe wao. Sasa mlalamikaji hana dini hiyo anayoifuata. Mtoto aliyeumia, kwa dini hiyo hiyo, si wao. Kwa hiyo nani ametukanwa dini yake? Hakuna. Kesi inakufa. Mume wako anarudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Siku hiyo hiyo!

Nikamuuliza: Na mimi natakiwa nini?

— Useme tu unachokijua. Umekaa nao jengo moja. Umeshawahi kumwona anasali? Na mkewe alikwambia nini kuhusu mtoto? Swali langu kwako ni moja: kwa dini yao, mtoto ni wao au si wao? Unajibu, unashuka.

Nikamwambia: Lakini aliniambia kama jirani.

Akasema: Mahakamani hakuna kitu kinaitwa kama jirani, mama.

Nikauliza tena, nilijiona mshamba lakini nikauliza. Sasa wao ni dini au ni kabila? Akacheka kidogo, si kwa dharau. Akasema wenyewe wanabishana, na wasomi wanabishana, na nchi nyingine zimeandika maana yake kwenye karatasi na bado zinabishana juu ya karatasi. Mimi nachohitaji ni hati hii imeandika nini.

Na nisipokuja? Akasema nitaitwa, jina langu tayari lipo. Na kesi isipokufa? Miezi sita, akasema, au faini, ila hakimu huyu anataka kuonyesha mfano kwa sababu sheria ni mpya.

Kibonge alitoka na mhuri umemkaa shavuni. IMEPOKELEWA. Kwenye basi abiria wote wanatucheka.

Jumamosi, 15 Juni

Nimelala upande wake wa kitanda. Wangu umepoa, wake umepoa, sijui nifanyeje.

Juu nasikia Vishungi anaruka kamba. Tap tap tap. Baba Kibonge alikuwa akigonga dari kwa ufagio kumtania, na yeye anajibu kwa kisigino. Walikuwa wanaongea hivyo, yule na yule.

Jumatatu, 17 Juni

Nimekutana na Baba Vishungi kwenye ngazi. Mimi nina Kibonge na mfuko wa viazi, yeye ana mtungi wa gesi ya friji begani. Ngazi zetu hazipitishi watu wawili wenye mizigo. Ilibidi mmoja arudi. Akarudi yeye.

Nilipomfikia akasema, shikamoo hatupeani tena? Mimi ni mdogo kwake. Nikaona haya, nikasema shikamoo, kaka. Akasema marahaba. Akamshika Kibonge kidole cha mguu kama zamani.

Halafu akasema, macho yakiwa ukutani: Sikutaka wamfukuze, shemeji. Hayo masharti sijayaomba mimi. Nimeyasikia baada.

Bado ananiita shemeji!

Nikashindwa kuvumilia. Nikamuuliza, kwa nini hukuja kwetu kwanza? Ungemwambia angekusikia.

Akatua mtungi. Akasema: Nilimwambia. Mechi ilipoisha nilimfuata kwenye spika yake, mtoto mkononi. Nikamwambia Spika, mimi ni Myahudi. Chukua hicho kipaza sauti uwaambie watu umekosea, yaishe. Unajua alinijibu nini?

Sikujua. Hakuniambia.

— Alinikumbatia. Akasema, wewe? Wewe si Myahudi bwana, wewe ni fundi wetu wa friji!

Akasema: Na alimaanisha vizuri. Ndiyo maana ilikuwa ngumu kumshitaki. Angenitukana ningejua la kufanya. Yeye alinisamehe! Alinisamehe kuwa nilivyo, mbele ya binti yangu, halafu akampa soda yake.

Nikamwambia: Na wewe kweli husali?

Neno lilinitoka. Akaniangalia, na nikaona ameelewa limetoka wapi, na limepitia kwa nani. Hakukasirika. Ni afadhali angekasirika.

Akasema: Sisali. Lakini mama yangu akifa nitamzika mimi, na nitamzika nikisema maneno ambayo baba yake alisema. Hilo liandikwe wapi, mimi sijui. Msalimie mume wako. Hapana — usimsalimie, nitakuwa nimeongea naye.

Akabeba mtungi. Tulicheka wote wawili, kidogo sana.

Mama Vishungi hakuja juu kuanika. Mashuka yao leo yamening'inia dirishani.

Jumatano, 19 Juni

Kesho.

Mama mkwe amekuja kukaa na Kibonge. Ameniletea kanga mpya nivae mahakamani. Anasema, mwanangu, wewe sema mumeo arudi. Ya watu wataongea watu. Alisema kwa upole, anamtaka mwanawe kama mimi ninavyomtaka. Siwezi kumlaumu.

Baba Kibonge kapiga simu. Sauti ilikuwa tofauti, ndogo, karibu. Akasema: Nimetoa spika. Nimeiweka sikio zuri, niko nje.

Nikamuuliza: Alikufuata pale uwanjani ukamwambia si Myahudi?

Akasema: Nilidhani namfurahisha.

Akasema: Mke wangu, hata sasa nikifikiria nilipaswa kusema nini, linakuja lile lile. Nilitaka kumwambia wewe ni wetu. Kumbe unaweza kumwambia mtu wewe ni wetu ukamkata?

Nikalia, na yeye nikamsikia anavuta pua.

Nikamwambia, nisiposema itakuwa miezi sita. Kibonge atakuwa anaongea. Akasema, najua. Nikamwambia, nikisema wanakufutia. Akasema, najua. Nilisubiri aniambie sema, au aniambie usiseme. Yoyote! Ningeshika lolote.

Akasema: Nataka kuja nyumbani.

Basi. Na mimi ndicho hicho hicho nataka. Nataka harufu ya chuma kwenye shati lake. Nataka anipigie kelele za goli asubuhi mtoto amelala. Nataka pazia lirudi dirishani. Na nataka Mama Vishungi aniite jina langu kwenye ngazi. Sijui kwa nini Mungu ameviweka vitu hivi viwili kwenye mikono tofauti na kuniambia chagua mkono.

Labda hakuna aliyesema chagua. Labda kuna njia ya kujibu ambayo sijaiona. Nitavaa ile kanga.

Alhamisi, 20 Juni

Naandika kwenye benchi, nje ya chumba cha mahakama. Mashahidi hatuingii mpaka tuitwe. Nimebeba daftari ili mikono iwe na kazi.

Mlango ukifunguliwa naona kisogo chake. Nywele zimefika kwenye kola. Hageuki, wamemwambia asigeuke.

Mama Vishungi alikuwa mwisho wa benchi, mtoto kifuani. Mumewe yuko ndani, Vishungi yuko shule. Kati yetu nafasi ya watu watatu, na hakuna aliyekaa hapo, ingawa wengine wamesimama.

Wakamwita yeye kwanza. Akainuka na mtoto. Askari wa mlangoni akasema watoto hawaingii. Akasema ni mchanga, amelala. Askari akasema hata akiwa amelala, hakimu hataki. Akaangalia huku na huku. Mwanamke wa chai mikono yake imejaa vikombe. Askari hamwangalii. Kuna mzee mmoja anasinzia na fimbo yake.

Akaja kwangu. Hakusema naomba, hakusema tafadhali. Akamweka mapajani kwangu, akakunja kitambaa chini ya shingo. Akasema:

— Ameshanyonya.

Akaingia.

Ni mzito kuliko Kibonge alivyokuwa umri huu. Ana alama ya mto shavuni. Nimemshika kwa mkono wa kushoto, naandika kwa wa kulia, mistari imepinda.

Hawajaanza bado, wakili katoka kunywa maji. Akamwona mtoto, hakujua ni wa nani. Akasema, umekuja na mwanao? Afadhali, hakimu atakuonea huruma. Halafu akainama: Kumbuka, swali ni moja tu. Kwa dini yao, mtoto ni wao au si wao. Ndiyo au hapana. Akarudi ndani akifuta mdomo.

Mtoto kafungua macho. Haniogopi. Ananijua.

Naisikia sauti ya Mama Vishungi ndani lakini siyashiki maneno. Sauti tu. Inapanda, inakatika, inapanda.

Imenyamaza.

Karani kachungulia. Kaita jina langu, lote, mpaka la babu. Nikainuka. Akasema mama, na huyo? Nikasema mama yake bado yuko ndani. Akasema shahidi akimaliza anakaa mbele mpaka tuahirishe, hatoki. Mtoto haingii. Ni wako?

Nikasema: Ni wetu.

Akasema: Wenu, wewe na nani?

Nimeomba dakika moja nimfunge vizuri mgongoni. Kanga mpya ni ngumu, haikubali fundo. Karani amesimama na mlango wazi anangoja nimjibu, na ndani wote wamegeuka, na Baba Kibonge pia — amegeuka, kaniona, kamwona niliyembeba. Naweka kalamu.